Kilimia, nyota za bibi zetu



Kabla ya redio kutangaza hali ya hewa, wakulima wetu walitazama Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo zilizobanana. Jina limetoka kwenye kulima. Wazulu na Waxhosa wa Afrika Kusini hukiita isiLimela, shina lilelile, ndipo tunajua elimu hii ni ya kale. Waarabu hukiita Thurayya, na wapo wafasiri waliosema ndiyo nyota iliyoapiwa mwanzoni mwa Suratun Najm. Mabinti wetu wenye jina la Thuraya wameitwa kwa nyota hizo.

Hesabu yake ni hii. Mwezi wa Mei, masika ikielekea mwisho, Kilimia hupotea kwenye mwanga wa jua. Juni hurudi alfajiri, mvua zimepungua. Novemba, wakati wa vuli, huchomoza upande wa mashariki giza likiingia.

Tuwaambie watoto wazi: nyota haileti mvua, mvua huleta Allah. Nyota ni alama ya majira tu.

Handeni na Korogwe, ambako mvua ikichelewa mahindi hukauka shambani, vijijini bado kuna giza la kutosha. Baada ya Isha tuwatoe watoto nje, wazihesabu. Wengi huona sita. Bibi anayekijua Kilimia akiwapo, aonyeshe yeye. Akitangulia mbele ya haki kabla hajaonyesha, watoto watabaki na simu tu.