Mlango Mpana wa Redio

Bila shaka umewahi kufanya jambo hili. Redio inavuma "shhh", nawe unazungusha kitufe cha kupunguza sauti nyembamba. Mvumo unafifia. Lakini fidla ya taarabu nayo imefifia, na "s" ya mtangazaji sasa inafanana na "f". Kelele imeondoka, na mali halali imeondoka nayo.

Chanzo cha mvumo huo kilielezwa Marekani mwaka 1928. John Johnson aliupima, Harry Nyquist akaufanyia hesabu. Wote wawili walizaliwa Sweden, na walifanya kazi katika makampuni ya simu ya Bell. Walionyesha kwamba ndani ya kila waya na rezista elektroni hazitulii. Joto huzichezesha, na mchezo huo ni kelele iliyoenea sawasawa katika masafa ya chini na ya juu. Amplifaya haichagui, hukuza chochote kinachopita mlangoni mwake. Ukiupanua mlango mara 2, nguvu ya kelele nayo huongezeka mara 2.

Basi wahandisi wengi wakaamini kwamba dawa ni moja tu: kuubana mlango. Edwin Armstrong wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akaenda kinyume. Mwaka 1933 alipata hataza za FM, mtindo unaotumia masafa mapana kupita kiasi cha siku zile. Katika AM sauti hubebwa na nguvu ya wimbi, inayopanda na kushuka. Katika FM hubebwa na kasi ya kutetemeka kwa wimbi. Radi na mashine huvuruga zaidi nguvu, na redio ya FM huyakata mavurugo hayo. Tena, kadiri kasi inavyoruhusiwa kubadilika kwa upana, ndivyo sauti inavyoishinda kelele, mradi wimbi lifike na nguvu ya kutosha. Ndiyo maana leo kituo cha FM huchukua kilohezi 200 hivi, ilhali AM kwetu hupangiwa 9.

Novemba 1935 aliwasikilizisha wahandisi wenzake mjini New York maji yakimiminwa na karatasi ikichanwa. Hawakuwa wamezoea redio iliyo kimya namna hiyo.

Lakini ushindi wa maabara si ushindi wa soko. Mwaka 1945 serikali ya Marekani iliihamishia FM kwenye megahezi 88 hadi 108, na redio za zamani zikapoteza kazi. Zikafuata kesi ndefu za hataza. Mwaka 1954 Armstrong, akiwa amechoka na akikaribia kufilisika, alijiua. Mkewe, Marion, aliendeleza kesi hizo, na ya mwisho aliishinda mwaka 1967.

Hesabu ya 1928 haikuwa na kosa, wala Armstrong hakuitangua. Wenzake walihesabu kelele inayoingia kwa mlango mpana. Yeye alihesabu pia sauti inayoweza kupita humo. Kabla hatujafunga mlango kwa kuogopa kelele, na tuulize kwanza tunamfungia nani nje.