Vivutio Vipya, Mahudhurio na Msongamano katika Bustani za Burudani

Bustani ya burudani yenye maudhui ni eneo la kiingilio ambamo michezo ya kupanda, maonyesho, maduka na migahawa hujengwa kufuata hadithi au mandhari fulani. Disneyland, iliyofunguliwa Anaheim, California, mwaka 1955, ndiyo iliyoigwa na nyingi zilizofuata. Kivutio kipya katika bustani ya namna hii hutarajiwa kufanya mambo mawili kwa mpigo: kuongeza wageni na, kwa kuwa kimeleta nafasi zaidi, kupunguza foleni. Matarajio hayo hugongana. Mahudhurio ni hesabu ya watu walioingia langoni. Msongamano ni uwiano kati ya watu walio ndani kwa saa fulani na nafasi za kuwahudumia. Hoja ya makala hii ni kwamba mvuto wa kivutio huamua mahudhurio, lakini msongamano huamuliwa na uwezo wa kuhudumia na maamuzi ya uongozi kuhusu tiketi, bei na wakati wa ufunguzi.

Kwamba mvuto upo, ushahidi wake ni mzito. Tarehe 18 Juni 2010, bustani ya Islands of Adventure, mjini Orlando, Florida, ilifungua eneo la Wizarding World of Harry Potter. Kampuni kubwa hazitangazi hesabu za kila bustani, hivyo hutegemewa makadirio ya TEA, chama cha sekta hiyo, na kampuni ya ushauri ya AECOM. Kwa makadirio hayo, wageni walikuwa takriban milioni 4.6 mwaka 2009, wakafika milioni 5.9 mwaka 2010 na milioni 7.7 mwaka 2011. Anayepinga atasema kuwa 2009 ulikuwa mwaka wa mdororo wa uchumi, na utalii ungeinuka hata bila Harry Potter. Jibu linapatikana kwa jirani. Universal Studios Florida, ya mmiliki huyohuyo na iliyo umbali wa kutembea kwa miguu, iliongeza kama asilimia 2 tu mwaka 2011, ilhali Islands of Adventure ilipanda kwa karibu asilimia 30. Julai 2014 zamu iligeuka: Diagon Alley, eneo la pili la Harry Potter, ilifunguliwa Universal Studios Florida, bustani hiyo ikaongeza kama asilimia 17 mwaka huo, nayo Islands of Adventure ikabaki palepale. Jiji, uchumi na hali ya hewa vilikuwa vilevile kwa zote mbili. Kilichotofautiana ni mahali kitu kipya kilipowekwa.

Si kila kisa kinasomeka kwa uwazi huo. Disneyland Paris, iliyofunguliwa mwaka 1992 na kuelemewa na madeni, ilizindua Space Mountain Juni 1995, na wageni wakapanda kutoka milioni 8.8 hadi milioni 10.7. Lakini mwaka huohuo kiingilio cha mtu mzima katika msimu wa juu kilishushwa kutoka faranga 250 hadi 195. Kukipa kivutio sifa yote ya ongezeko lile ni kusahau bei, ambayo nayo huita watu.

Kisa kinachotajwa sana dhidi ya nguvu ya vivutio ni eneo la Star Wars: Galaxy's Edge, lililofunguliwa Disneyland tarehe 31 Mei 2019. Umati uliotabiriwa haukutokea, na mahudhurio ya bustani za Disney nchini Marekani yalishuka kwa asilimia 3 katika robo ya mwaka iliyoishia Juni. Hata hivyo, kusema kwamba watu hawakuvutiwa ni haraka mno. Hadi tarehe 23 Juni eneo hilo liliingiwa kwa nafasi zilizowekwa mapema. Wengi wenye tiketi za mwaka walizuiwa siku nyingi za kiangazi. Hoteli zilipandisha bei. Na kati ya michezo miwili mikubwa mmoja tu ulikuwa tayari, wa pili, Rise of the Resistance, ukifunguliwa Disneyland Januari 2020. Zaidi ya hayo, hofu ya msongamano yenyewe iliwafanya wengine waahirishe safari. Hofu hiyo hufanya kazi kama gharama: mgeni huihesabu kabla hajanunua tiketi.

Hoja inayobaki ni kwamba kila kivutio huongeza nafasi, hivyo lazima kipunguze foleni. Hesabu ya mfano inaonyesha kasoro yake. Kivutio kinachopokea watu 1,500 kwa saa, kwa saa 12, hutoa nafasi 18,000 kwa siku. Lakini mgeni hapandi kivutio kimoja akaondoka. Akipanda vinane, wageni wapya 2,250 kwa siku wanatosha kumaliza nafasi zote zilizoongezwa, na kila anayezidi hapo anarefusha foleni za vivutio vya zamani. Siku za mwanzo hali huwa ngumu zaidi, kwa sababu wote hukimbilia mahali pamoja: Juni 2019, siku ya kwanza ya mchezo wa kupanda wa Hagrid, mhusika wa Harry Potter, katika Islands of Adventure, muda wa kusubiri kwenye foleni ulifika saa 10.

Wapo wanaoona dawa katika teknolojia, kuanzia FastPass, mfumo wa Disney wa mwaka 1999 wa kuweka nafasi ya kupanda mapema, hadi foleni za kwenye simu na njia za kulipia. Mifumo hii hugawa nafasi. Haizalishi hata moja. Aliyetolewa kwenye foleni moja yumo njiani, dukani, au kwenye foleni nyingine, na aliyelipia kutangulia amesogeza nyuma asiyelipa. Suluhisho la kweli ni ujenzi wenye nafasi zinazolingana na mvuto. Kwa mfano, duka la fimbo la Ollivanders katika eneo la Harry Potter la 2010 lilikuwa dogo, na wageni walisubiri nje juani. Katika Diagon Alley maonyesho yake yalipewa vyumba kadhaa. Uongozi unaotangaza kivutio kipya, basi, upimwe kwa idadi ya watu kitakaowahudumia kwa saa ikilinganishwa na idadi kitakayoiita. Familia iliyoweka akiba miaka kadhaa kwa safari moja inastahili kutumia siku yake ndani ya burudani iliyoilipia, na haki hiyo hulindwa au hupotea wakati ramani inachorwa, miaka mingi kabla ya utepe kukatwa.