Kiambu: Kaunti inayokua mbio kuliko barabara zake

KAUNTI ya Kiambu, inayopakana na jiji la Nairobi, ilikuwa na wakazi 1,623,282 katika sensa ya 2009. Kufikia 2019 walikuwa wametimia 2,417,735.

Barabara kuu ya Thika, iliyozinduliwa mwaka wa 2012, iliwavuta wengi kuhamia Ruiru na Juja, ambako mashamba ya kahawa yaligeuzwa mitaa ya makazi.

Chini ya Katiba ya 2010, barabara kuu za taifa husimamiwa na Serikali ya Kitaifa. Zile za mitaani ni jukumu la kaunti. Ugumu uko hapo: ploti zikiuzwa kabla ya nafasi ya barabara kutengwa, kuipanua baadaye hudai fidia na ubomoaji.

Sheria ya 2019 kuhusu matumizi ya ardhi huitaka kila kaunti ipange mapema.