Mti wa Haraka na Malisho ya Wasami

Kufikia miaka ya 1960, wenye viwanda vya mbao na karatasi nchini Sweden walikuwa na hofu. Misitu ya kaskazini ilikuwa imekatwa kwa muda mrefu, na hesabu zilionyesha kuwa mwanzoni mwa karne ya 21 kungekuwa na upungufu wa miti iliyokomaa. Msonobari wa asili hukua polepole mno katika baridi ile. Jibu likatafutwa magharibi mwa Kanada, unakoota msonobari wa aina nyingine uitwao kontorta.

Kuhamisha mti wa nchi za baridi si suala la kubeba mbegu tu. Katika karne ya 19 Waswidi waliagiza mbegu za msonobari kutoka Ujerumani, wakaambulia misitu duni. Mwaka 1936 mtafiti Olof Langlet, baada ya kuchunguza misonobari ya asili mbalimbali, alionyesha kuwa sifa za mti huu hubadilika hatua kwa hatua kulingana na latitudo na hali ya hewa ya mahali ulikotoka. Mti wa kaskazini huongozwa na urefu wa mchana: mchana ukifupika, huacha kukua na kujiandaa kwa baridi. Mti wa kusini huchelewa, na baridi kali huukuta ungali mteke. Kwa hiyo watafiti walichagua kwa makini maeneo ya kuchukulia mbegu, wakateua miti mama iliyo bora, kisha wakaanzisha mashamba ya mbegu nchini mwao.

Kwa kipimo cha kiwanda, walifaulu. Kontorta huzidi msonobari wa asili kwa zaidi ya theluthi moja katika ujazo wa mbao. Upandaji mkubwa ulianza miaka ya 1970, na leo mti huu umetanda katika takriban hekta 600,000. Ugonjwa wa kuvu ulioshambulia mashamba ya kaskazini mwishoni mwa miaka ya 1980 uliifanya serikali iweke mipaka, lakini haukuufuta mradi.

Ardhi hiyo, hata hivyo, ilikuwa na wenyewe. Wasami, wenyeji wa kaskazini, hufuga kulungu wa nchi za baridi, ambao wakati wa theluji hutegemea kuvumwani inayoota chini ya misonobari iliyoachana. Kontorta husongamana. Kivuli chake na matawi yanayoanguka hudhoofisha kuvumwani, na kuswaga kundi katikati yake ni taabu.

Mwaka 2011, katika kesi ya Nordmaling, Mahakama ya Juu ya Sweden ilithibitisha kuwa Wasami wana haki ya kimila ya kulisha mifugo yao majira ya baridi hata katika ardhi ya watu binafsi. Ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini haki ya kulisha ina thamani gani pale ambapo malisho yenyewe yametoweka?

Sayansi ya kontorta haikukosea. Ilijibu kwa usahihi swali ililopewa: mti upi utakua upesi? Kosa lilikuwa la walioliuliza swali hilo peke yake. Afisa anayepanga msitu leo hana budi kuuliza pia ni nani anayeishi kwa kile kilicho chini ya miti, naye aulize kabla mche wa kwanza haujatiwa ardhini. Mche ukishapandwa, mashauriano huja yakiwa yamechelewa kwa miongo kadhaa.