Pakanga na Dawa ya Malaria

Wanafunzi wetu, fungueni madaftari. Leo nitawaeleza jinsi kitabu cha kale kilivyosaidia kupata dawa ya malaria, kwa kuwa mtu mmoja alikisoma kwa makini.

Wengi wenu mwaujua mmea wa pakanga kwa uchungu wake. Hata katika Biblia umetajwa. Jamaa yake mmoja huota China, na Wachina huuita qinghao. Katika karne ya 4 mganga wa huko, jina lake Ge Hong, aliandika kitabu cha dawa. Alifundisha kwamba mwenye homa inayokuja na kuondoka achukue konzi moja ya qinghao, airoweke majini, aikamue, kisha anywe maji yake.

Miaka zaidi ya 1,600 ikapita. Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, malaria iliwaangusha askari wengi, na klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Serikali ya China ikaamuru wataalamu watafute dawa mpya. Mwaka 1969 Bibi Tu Youyou wa Beijing akaingizwa katika kazi hiyo. Yeye na wenzake walikusanya maelezo ya dawa za kale kupita 2,000. Walipoijaribu qinghao, mara ilifaa, mara haikufaa.

Bibi Tu akarudia kitabu cha Ge Hong. Akaona kwamba mzee yule hakusema majani yachemshwe, alisema yakamuliwe. Je, yawezekana joto ndilo linaloiharibu dawa? Basi akatumia etha, kimiminiko kinachochemka kwa joto dogo, nyuzi 35 tu. Oktoba 1971 dawa yake iliua vijidudu vyote katika panya na kima waliojaribiwa. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliinywa wenyewe kwanza, waone kama ina madhara, ndipo wakapewa wagonjwa. Mwaka huohuo walikitenga kiini chake, kiitwacho artemisinini. Kiini hicho kikikutana na madini ya chuma ndani ya kijidudu cha malaria, hupasuka na kukiua. Mwaka 2015 Bibi Tu alipewa Tuzo ya Nobel.

Nasi tumefaidika. Mwaka 2006 Kenya na Tanzania zilianza kutumia dawa mseto, ambayo sehemu yake moja hutokana na artemisinini.

Je, tuchume majani, tujipikie chai? La. Chai haina kipimo, na dawa ikiwa kidogo haiui vijidudu vyote. Vile vyenye nguvu husalia na kuzaana, na mwishowe dawa hushindwa. Dalili za usugu huo zimekwisha onekana Rwanda, Uganda na Tanzania. Kwa hiyo mkipimwa na kupewa vidonge vya dawa mseto, vimalizeni kwa siku zote 3, hata kama homa imepoa siku ya kwanza.

Tena, karatasi iliyomo ndani ya pakiti msiitupe. Isomeni polepole, neno kwa neno, kama Bibi Tu alivyosoma. Kwaherini mpaka somo lijalo.