Nchi Tupu na Miaka Mia: Hadithi Mbili za Ardhi ya Wamasai

Wahenga walisema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika historia ya walowezi wa Kizungu nchini Kenya methali hii imepata maana ya pili: jambo ambalo halikuwapo, likisemwa kwa muda mrefu, hujipatia vitabu, filamu na hata sheria za kulishuhudia.

Hadithi ya kwanza ni ile ya nchi tupu. Mzungu, husimuliwa, alipopanda kutoka pwani alikuta mbuga pana zisizo na mwenyewe. Akazilima kwa jasho lake na zikamtii. Ndivyo aghalabu anavyoelezwa Lord Delamere, ambaye Elspeth Huxley alimwandikia wasifu wa majalada mawili mwaka 1935. Filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985 nayo iliieneza taswira ya nyika isiyo na mipaka inayotazamwa kutoka angani. Kitabu cha Karen Blixen cha mwaka 1937, ambacho filamu hiyo ilikitegemea, kina uaminifu zaidi kuliko wengi wanaokisifu. Humo mwandishi anakiri kwamba Wakikuyu walioitwa maskwota shambani kwake walizaliwa pale pale, na baba zao pia, na kwamba yumkini wao ndio waliomwona yeye kuwa skwota.

Nchi haikuwa tupu, ilikuwa imefiwa. Katika miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe wa Wamasai, ikafuatiwa na ndui, ukame na njaa. Wakikuyu wengi wa upande wa Kiambu walirudi kwa jamaa zao wa kaskazini wakingoja neema. Wakati huohuo reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilikuwa ikisonga mbele, na mwaka 1901 ilifika Ziwa Victoria. Kamishna Sir Charles Eliot akawaalika walowezi ili reli ipate mizigo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1902 iliruhusu ukodishaji wa miaka 99. Ile ya mwaka 1915 ikauongeza hadi 999. Waliorudi makwao wakakuta mahame yao yamekwisha kuandikiwa hati.

Hata palipokuwa patupu kweli, utupu ulikuwa na sababu. Delamere alipopewa eka 100,000 huko Njoro mwaka 1903, kondoo wake walikufa kwa maelfu. Udongo wa pale ulipungukiwa na madini, na Wamasai walikuwa wakijua zamani kwamba malisho yale hayafai. Mgeni alidhani ameona ardhi iliyosahauliwa, kumbe aliona ardhi iliyokwisha kupimwa na wenye mifugo ikakataliwa.

Hadithi ya pili hutoka upande wa walionyang'anywa, na kwa hiyo huhitaji ujasiri zaidi kuichunguza. Husemwa kwamba mwaka 1904 Wamasai waliwakodisha Waingereza ardhi yao kwa miaka mia moja. Agosti 2004, karne ilipotimia, wafugaji wa Laikipia waliingiza mifugo katika mashamba makubwa wakidai kwamba muda umekwisha. Polisi wakaitwa, na mzee mmoja akauawa kwa risasi. Serikali nayo ikapata jibu jepesi: hati za mashamba yale ni za miaka 999.

Mkataba wenyewe hausemi lolote juu ya miaka mia. Ulifanywa Agosti 1904 baina ya Kamishna Sir Donald Stewart na Olonana pamoja na wazee wenzake. Wamasai walikubali kuondoka katika Bonde la Ufa, wakaahidiwa maeneo mawili: Laikipia upande wa kaskazini na lingine kusini ya reli, yaunganishwe kwa njia ya kupitishia mifugo, na wabakishiwe sehemu Kinangop kwa ajili ya jando. Ahadi hiyo ilitolewa idumu maadamu Wamasai wangalipo duniani. Haikudumu hata miaka saba. Mwaka 1911 ukaletwa mkataba mwingine, na kufikia mwaka 1913 watu wapatao 10,000 walikuwa wamehamishwa Laikipia pamoja na mifugo yao.

Ole Gilisho na wenzake hawakunyamaza, walikwenda mahakamani. Mwaka 1913 mahakama iliikataa kesi kwa hoja ya ajabu: kwamba Wamasai ni taifa la kigeni, mikataba yao na Taji la Uingereza ni mikataba ya dola kwa dola, na mahakama za kawaida haziwezi kuiamua. Waliohamishwa kama watu wasio na haki walitambuliwa kuwa dola ili tu mlango wa haki ufungwe.

Hapa ndipo inapoonekana hasara ya hadithi iliyotiwa chumvi. Anayedai kwa hoja ya miaka mia hubishana juu ya kalenda, na kwa kalenda hushindwa. Anayedai kwa maandishi ya mwaka 1904 ana ahadi isiyo na kikomo, iliyovunjwa na yule yule aliyeitoa. Ukweli uliomo katika makaratasi ya mkoloni mwenyewe una nguvu kuliko masimulizi yaliyokuja kuchukua nafasi yake.

Haifuati kwamba masimulizi ya wazee yatupwe na nyaraka peke yake ziaminiwe. Nyaraka ziliandikwa na upande mmoja, na ni kumbukumbu za Wamasai zilizohifadhi habari za mifugo na watu waliokufa njiani katika uhamisho ule. Bali kila ushahidi upimwe kwa mwenzake. Kiswahili kimempa setla jina la mlowezi, yaani aliyehamia mahali akapazoea hata pakawa kwake. Jina hilo halimtukani wala halimpambi. Linamwachia mwanahistoria swali moja la kujibu kwa uangalifu: alipofika, palikuwa pa nani?