Radoni, thoroni na ukuta wa nyumba

Radoni ni gesi ya asili isiyo na rangi, harufu wala ladha. Chanzo chake ni urani iliyomo kwenye mawe na udongo: urani huvunjika hatua kwa hatua hadi kuwa radiamu, na radiamu nayo ikivunjika hutoa radoni. Nje gesi hiyo hupeperushwa na upepo. Ndani ya nyumba iliyozibwa hujikusanya. Chembe zinazotokana nayo zikivutwa hunata mapafuni na kutoa mionzi. Katika nchi nyingi ni chanzo cha pili cha saratani ya mapafu baada ya sigara, na mvutaji ndiye aliye hatarini zaidi.

Kiswahili kimelipokea jina kwa sauti yake, kama oksijeni na haidrojeni. Kulifasiri kuwa "gesi ya sumu" kungempoteza mwenye nyumba wa Chula au Koyama, katika visiwa vya Wabajuni. Gesi ya sumu aijuayo ni ya jiko la makaa katika chumba kilichofungwa: humtia kizunguzungu usiku uleule. Radoni haimuumizi mtu kichwa. Madhara yake hulimbikizana kwa miaka, na bila kipimo haijulikani kama ipo.

Kipimo chenyewe ni kikopo kidogo chenye kipande cha plastiki ndani, hakihitaji umeme. Hutundikwa chumba cha kulala na sebuleni kwa miezi mitatu hivi. Mionzi huichanja plastiki. Maabara huiosha kwa dawa kali, michanjo ikaonekana kwa hadubini na kuhesabiwa. Jibu huja kwa bekereli, yaani idadi ya viini vinavyovunjika kila sekunde, kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kiwango cha 100, na pasipowezekana, kisizidi 300. Mbajuni aliyehamia Uingereza ataambiwa achukue hatua kikifika 200.

Radoni ina ndugu, thoroni, itokanayo na thoriamu. Kwenye mwambao wetu ndugu huyu anajulikana zaidi Mrima, Kaunti ya Kwale, kilima chenye thoriamu nyingi, ambako watafiti wamepima gesi zote mbili ndani ya nyumba za udongo. Radoni hupungua nusu kwa siku 3.8, thoroni, kwa sekunde 56 tu. Thoroni haiwahi kufika mbali, hivyo hewa iliyo karibu na ukuta huwa nayo nyingi kuliko ya katikati ya chumba. Kikopo cha kuipima kikihamishwa hatua moja tu, jibu hubadilika.

Visiwa vya Wabajuni ni vya matumbawe, na jiwe hilo kwa kawaida lina radiamu kidogo kuliko matale. Nyumba ya makuti, isiyozibwa mapaa, hupitisha kaskazi na kusi bila kuombwa. Penye kuangaliwa ni chumba cha matofali kilichofungwa madirisha ili kiyoyozi kipoze, na ukuta wa udongo ulioletwa kutoka mbali.

Basi tuandike radoni na thoroni, kila moja kwa jina lake. Na atakayepeleka vikopo Kismayu au visiwani awaeleze wenyeji anapima ipi, na kwa nini ametundika pale.